Hewa safi haipatikani kwa mtungi mmoja mmoja

Kampeni ya nishati safi ya kupikia ikifika Arusha, utaratibu ni ule ule. Mitungi ya gesi ya kilo sita imepangwa mbele ya meza kuu, mgeni rasmi anahutubia, kisha majina yanaitwa na akina mama wanapita kupokea. Mitungi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mama aliyepikia kuni tangu utotoni anajua thamani ya jiko lisilomtoa machozi. Kinachonitia wasiwasi ni hesabu iliyo nyuma ya tukio lile: kwamba tukigawa vifaa vya kutosha, nyumba hii leo na ile kesho, ipo siku hewa ya mji itakuwa safi. Siku hiyo haitafika kwa njia hiyo.

Teknolojia ya kudhibiti uchafuzi wa hewa si haba siku hizi. Ipo ya jikoni, ipo ya kwenye eksozi, ipo ya viwandani, na ipo ya kupimia. Nyingine tunaishi nayo tayari hapa Arusha, na nyingine mafundi wetu wenyewe wameshiriki kuiunda. Lakini ukichunguza mahali ambapo hewa imesafika kweli, hapa Afrika Mashariki na ng'ambo, utakuta eneo zima liliingia kwa mkupuo mmoja. Pale ambapo kila mtu aliachiwa ajiamulie kwa wakati wake, vifaa viliongezeka na moshi ukabaki palepale.

Tuanze na adui mwenyewe. Katika moshi unaopanda kutoka kwenye jiko la mchoma mahindi, kinachoua zaidi ni kile usichokiona: chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 50 hadi 70. Chembe hizi zinapita puani na kooni bila kizuizi, zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara ya moshi hayaishii kwenye kikohozi. Kuna kiharusi, kuna ugonjwa wa moyo, kuna saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya ndani husababisha vifo vya mapema takribani milioni 7 kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango cha PM2.5 linachopendekeza, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa mwaka hadi 5. Serikali yetu imekuwa ikitaja vifo 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na nishati chafu ya kupikia, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka Watanzania 80 kati ya kila 100 wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034.

Sasa tazama yaliyowakuta majirani zetu. Rwanda ilikuwa mojawapo ya nchi nne, pamoja na India, Guatemala na Peru, zilizoshiriki utafiti mkubwa wa majiko ya gesi. Wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapewa jiko na gesi ya bure kwa mwaka mmoja na nusu hivi, jingine likaendelea na kuni. Kwa upande wa moshi matokeo yalipendeza: PM2.5 waliyovuta akina mama wa gesi ilikuwa mikrogramu 24 hivi, wakati wenzao walivuta kama 70. Kwa upande wa afya, matumaini yalififia. Watoto waliozaliwa hawakuwa na uzito mkubwa kuliko wenzao kwa kiwango cha kuhesabika, wala nimonia ya watoto wachanga haikupungua. Malawi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, ulizipa kaya majiko sanifu ya kuni yenye feni ndogo. Nimonia haikupungua.

Wapo waliosoma matokeo haya wakakata tamaa na majiko. Mimi nayasoma tofauti. Mikrogramu 24 bado ni karibu mara tano ya kile ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mwaka, na wataalamu wengi wanaona kwamba nafuu kubwa ya mwili huanza huko chini, hewa inapokaribia kuwa safi kabisa. Ukimtoa mtu kwenye moshi mzito ukamweka kwenye moshi wa wastani, mwili wake haupati nafuu inayolingana na jasho lako. Na jiko la gesi lenyewe linatoa chembe chache mno. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: hizo 24 zilitoka wapi? Katika utafiti ule, kaya ziligawanywa moja moja. Aliyepata gesi aliendelea kuishi miongoni mwa wasioipata. Jiko lake lilisafika, na moshi wa jirani ukaendelea kumfuata.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, pita Ngarenaro, hapa Arusha mjini, alfajiri ya mwezi wa saba, wingu la Mlima Meru likiwa limekaa juu ya mabati na upepo hakuna. Hewa ya baridi imetulia chini, na chochote kinachochomwa hakipandi. Mpika chapati anawasha jiko la mkaa kwa kipande cha ndala kuukuu, kwa sababu mpira unashika moto haraka na hauzimiki kwa unyevu. Moshi mweusi unatoka kwanza, halafu wa kijivu, halafu mkaa unaiva na moshi unaonekana kuisha, ingawa gesi ya kaboni monoksaidi bado inatoka. Hatua chache mbele, kijana anafagia mbele ya duka, anakusanya mifuko na maganda ya miwa, anatia kiberiti. Kifodi, gari dogo la abiria, kinangoja watu injini ikinguruma. Mlango wa tatu kutoka hapo anakaa mama aliyepewa mtungi. Dirisha lake liko wazi, maana ndani kuna giza.

Nilimwamkia, nikamuuliza kama gesi inamsaidia. "Marahaba mwanangu. Inasaidia, chai ya watoto asubuhi," akasema. "Ikiisha unangoja upate hela. Na maharage huwezi kuyaweka kwenye gesi, yatakumalizia mtungi." Jiko lake la mkaa lilikuwa pale pale mlangoni, lina majivu ya jana. Kujaza mtungi mdogo ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mara moja. Mkaa unauzwa kopo kwa kopo, na mwenye kipato cha siku ananunua cha siku. Mama huyu anahesabiwa kwenye takwimu kama mtumiaji wa nishati safi, na ni kweli anaitumia. Bado anavuta hewa ile ile anayovuta mpika chapati.

London iliwahi kufika mahali pabaya kuliko hapo. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulinasa chini pamoja na hewa ya baridi kwa siku kadhaa, na watu wapatao 4,000 wakahesabiwa kufa. Makadirio ya baadaye yalifika hadi 12,000. Sheria ya Hewa Safi iliyofuata mwaka 1956 haikutegemea kila mwenye nyumba aguswe na dhamiri. Ilizipa halmashauri mamlaka ya kutangaza maeneo ya kudhibiti moshi. Mtaa ukishatangazwa, nyumba zote ndani ya mipaka yake zinaacha makaa yanayotoa moshi, na mwenye nyumba anarudishiwa asilimia 70 ya gharama ya kubadilisha jiko lake. Kisha mtaa unaofuata. Majiko yasiyo na moshi yalikuwepo hata kabla ya sheria. Kilichobadilika ni kwamba jirani naye alilazimika, na akasaidiwa.

Hata sisi tuna ushindi wetu wa aina hiyo, ila hatuusimulii. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2005, baada ya nchi kukubaliana Dakar mwaka 2001. Hakuna dereva wa Moshi Mjini aliyeulizwa kama anataka mafuta yenye risasi au yasiyo nayo; siku moja pampu zilikuwa na ya pili tu. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, uamuzi wa pamoja wa jumuiya ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Salfa ikiwa nyingi huharibu vichujio vya kwenye eksozi. Kwa hiyo uamuzi ule haukupunguza moshi peke yake, bali ulifungua mlango kwa teknolojia ya magari ambayo dizeli ya zamani ingeiua.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu mlango ulifunguliwa na sisi tukauziba upya gereji. Gari lililotumika kutoka Japani linafika bandarini na kichujio cha eksozi ambacho mafundi wetu hukiita sega: kauri yenye matundu madogo madogo yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Hewa chafu ya injini ikipita humo ikiwa moto wa kutosha, zaidi ya nyuzi 300, kaboni monoksaidi inageuka kaboni dioksaidi, mabaki ya petroli yanageuka maji na kaboni dioksaidi, na oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Sega zima linaondoa sehemu kubwa mno ya sumu hizo. Gari la dizeli la kisasa lina kichujio kingine kinachonasa masizi na kuyachoma lenyewe kila yanapojaa. Ni kazi ya miaka mingi ya wahandisi, imekuja imefungwa chini ya gari, hatukuilipia hata senti ya ziada.

Halafu inang'olewa. Pita kwenye gereji za Unga Limited uulize. Gari likipoteza nguvu kwenye kilima, jambo la kwanza linaloshukiwa ni sega limeziba, na suluhisho la haraka ni kulikata na kuweka bomba tupu. Sega lenyewe halitupwi. Lina wanunuzi wake, kwa ajili ya madini yale. Mteja anaondoka amefurahi, gari lina nguvu, fundi amepata hela mara mbili. Simlaumu fundi peke yake. Mara nyingi sega huziba kwa sababu injini inakula oili au plagi zimechoka, na kulitibu tatizo la mwanzo ni gharama ambayo mwenye kifodi hana. Lakini anayelipia nguvu ile ni mtoto wa shule anayengoja kituoni.

Tunazo kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chombo cha taifa cha kusimamia mazingira kipo. Barabarani, askari wa usalama anaangalia matairi, taa, breki na bima. Sijamwona anayeingiza kipimo kwenye eksozi. Kipimo cha moshi wa dizeli ni kifaa rahisi: kinapitisha mwanga kwenye moshi na kusoma ni kiasi gani kimezuiwa. Kazi yake ni ya dakika chache. Kingewekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria ya jiji zima, bila kubagua njia wala mmiliki, sega lingekuwa na thamani kubwa likiwa chini ya gari kuliko likiwa kwenye gunia la mnunuzi wa chuma chakavu. Ukaguzi ukifanywa kwa wachache, wenye magari hayo watahama njia na moshi utahama nao.

Arusha ina karakana ambazo zimefanya jambo la kutia moyo: zimetoa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za utalii na kuweka mota na betri. Magari hayo yanaingia hifadhini kimya kimya, wanyama hawashtuki, na wageni wanafurahia. Ni ufundi wa hali ya juu, umefanywa na mikono ya hapa, na ninajivunia. Ila fikiria linakotumika. Limepelekwa nyikani, ambako hewa ni safi na watu ni wachache, huku barabara ya Sokoine ikibaki na dizeli isiyo na kichujio. Gari la abiria linalozunguka siku nzima ndani ya kilomita chache, likirudi kituo kile kile jioni, ndilo linalofaa umeme kuliko yote, kwa sababu betri yake haihitaji kuwa kubwa na chaji inajulikana itapatikana wapi. AFCON ya 2027 inakuja, uwanja unajengwa Olmoti, na mashabiki watasafirishwa. Kama kuna mahali pa kuanzia, ni njia hiyo moja, yote kwa umeme, kuliko mabasi mawili matatu ya maonyesho yaliyotawanywa.

Turudi jikoni, maana huko ndiko teknolojia imepiga hatua kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jiko la presha la umeme limebadilisha hesabu yote ya maharage. Chungu chake kimefunikwa kisipoteze joto. Kikishapata presha, umeme unazima na kuwaka kwa vipindi vifupi, kwa hiyo chungu cha maharage kinaiva kwa chini ya uniti moja. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, ambaye shilingi 1,000 inampa uniti 2.8, hiyo ni chini ya shilingi 360. Makande, nyama ya mchemsho, mtori, vyote vinaiva humo. Na umeme wenyewe sasa unatokana kwa kiasi kikubwa na maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025.

Lakini kuna mtego ambao mipango yetu haijautegua. Kaya yenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Kaya hizo ndizo hasa tunazozitaka ziache mkaa. Tuseme nyumba inatumia uniti 60 kwa taa, simu, redio na pasi. Ikianza kupika kwa umeme, hata kwa uniti moja tu kwa siku, inafika 90. Imevuka mstari, na uniti zinazozidi inazilipia zaidi ya mara tatu. Mama mwenye akili ya hesabu atajifunza somo hilo mwezi wa kwanza, naye atamweleza jirani yake. Tunampa jiko kwa mkono mmoja na kumwadhibu kwa mkono mwingine kwa kulitumia. Kuongeza uniti za kupikia juu ya 75, kwa mitaa iliyoandikishwa, ni uamuzi wa karatasi tu, na nadhani ungehamisha watu wengi kuliko mafungu ya majiko ya bure. Jambo la pili ni uimara wa umeme wenyewe. Kanda ya kaskazini iko mbali na mitambo mikubwa na umeme mwingi hupotea njiani. Ndiyo sababu serikali ilitangaza mwaka 2025 kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa yetu. Mpika chapati hawezi kuacha mkaa kwa ajili ya umeme unaokatika saa moja asubuhi.

Huko mlimani, kuanzia Arumeru hadi Marangu, kuna jibu jingine linalolala zizini. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini chenye makao yake Arusha, kilianza kueneza mitambo ya biogesi tangu miaka ya 1980, na kuanzia 2009 kiliendesha mpango wa taifa uliojenga maelfu ya mitambo. Ng'ombe wawili wa zizini wanatosha: samadi na maji kwa kiasi sawa, shimo lililojengwa kwa ustadi, na ndani yake bakteria wanatoa gesi inayowaka kwa mwali wa bluu. Mkulima wa Kilimanjaro na Meru anayelisha ng'ombe majani ya migomba tayari ana malighafi mlangoni. Mitambo mingi ingali inafanya kazi. Mingine imekauka, na nikiulizia sababu nasikia yale yale: bomba lilivuja, fundi aliyejenga alihama, au ng'ombe aliuzwa kulipa ada. Mtambo mmoja kwenye kijiji hauwezi kumlisha fundi. Mitambo arobaini kwenye kata moja inaweza. Kule Monduli, wanawake wa Kimaasai waliofundishwa kujenga majiko yenye dohani ndani ya nyumba zao wamefika mbali kwa sababu wanajenga boma zima, na fundi ni mke wa boma hilo hilo.

Mkaa mbadala nausemea kwa kifupi, kwa sababu unachanganya watu. Tofali la mkaa la pumba za kahawa au la makaa ya mawe linaokoa mti, na mti ni muhimu sana kwa vyanzo vya maji vya Kilimanjaro. Kuokoa mti hakumaanishi kuokoa pafu. Chochote kinachofuka kwa makaa mekundu kinatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunazika watu waliolala na jiko ndani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 makaa ya mawe yasiyosafishwa yasitumike majumbani. Tusiyaite yote hayo nishati safi kwa jina moja.

Pale Kwa Mrombo, hapa Arusha, mtaa mzima unanukia nyama choma jioni, na najua nikigusa hapo nimegusa wengi, mimi mwenyewe nikiwemo kati ya wateja. Mafuta yanapodondokea makaa ndipo moshi mzito unapotoka. Teknolojia ya kuunasa ni ya zamani: mwaka 1907 Frederick Cottrell, mwanakemia wa California, alibuni kichujio kinachozipa chembe chaji ya umeme kisha kuzinasa kwenye bamba la chuma. Viwanda vya saruji duniani vinakitumia, na migahawa ya Hong Kong hufunga kilicho kidogo juu ya jiko. Kinahitaji kuoshwa mara kwa mara, kwa sababu bamba likijaa mafuta halinasi kitu tena. Mchomaji mmoja hawezi kukinunua wala kukitunza. Safu ya wachomaji walio chini ya dohani moja ya pamoja wanaweza, kama vile wanavyoshirikiana kumlipa mlinzi.

Kuna teknolojia ambazo ningezikataa tukiletewa. Mwaka 2021 Delhi ilizindua mnara mkubwa wa kuvuta hewa ya mtaa na kuichuja. Ulipendeza kwenye televisheni. Baadaye kamati ya kudhibiti uchafuzi ya jiji hilo yenyewe ilieleza kwamba haufai, kwa sababu hewa safi iliyotoka iliishia karibu na mnara, na nyingine ikaendelea kuingia kutoka pande zote. Beijing ilichukua njia ngumu zaidi: ilibana vyanzo vyenyewe, majiko ya makaa ya mawe ya vitongoji, viwanda na magari, eneo kwa eneo. Wastani wake wa PM2.5 ulishuka kutoka karibu mikrogramu 90 mwaka 2013 hadi kama 30 mwaka 2024. Bado uko juu, lakini mtoto aliyezaliwa huko juzi anavuta theluthi moja ya kile alichovuta kaka yake.

Beijing ilijua kwamba imeshuka kwa sababu ilipima. Mkazi wa Ngarenaro anasikia redioni kama mvua itanyesha kesho. Hasikii hewa ya mtaa wake ikoje leo. Kipimo cha kiwango cha juu kinagharimu makumi ya maelfu ya dola, lakini sasa vipo vihisi vidogo vya dola mia chache, vinavyomulika chembe kwa leza na kuhesabu mwanga unaotawanyika. Chuo Kikuu cha Makerere kupitia mradi wa AirQo, ulioanza mwaka 2015, kimebuni vya kwake vinavyostahimili vumbi na umeme unaokatika, na huko Kampala vingine vimefungwa kwenye bodaboda. Vina udhaifu: unyevu ukiwa mwingi chembe zinavimba kwa maji na kipimo kinasoma juu kuliko ukweli, jambo litakalotusumbua asubuhi zetu za ukungu. Dawa yake ni kuviweka kwa muda kando ya kipimo kikubwa na kusahihisha hesabu. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, ina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Mji wa Moshi nao ungefaidika. Mji ule umejijengea sifa ya usafi kwa miaka mingi na unastahili, ila majani yanayofagiwa alfajiri kisha yakachomwa kando ya barabara hayaonekani kwenye tuzo yoyote, na yangeonekana kwenye kihisi.

Ninachopendekeza ni Halmashauri ya Jiji ichague mtaa mmoja, wenye mchanganyiko halisi wa watu: wapangaji, wapika chapati, gereji, shule. Vihisi vifungwe kwanza, kuanzia Juni, wingu likiwa chini, vipime hewa mwaka mzima kabla ya kubadilisha chochote. Kisha teknolojia yote iingie kwa pamoja: majiko ya presha na uniti za nyongeza, gesi inayouzwa kwa kiasi kidogo kidogo kupitia mita, gari la taka linalopita kwa ratiba ili asiwepo wa kutia kiberiti, na ukaguzi wa eksozi kwa vifodi vya njia hiyo. Fedha ya kuanzia si ndoto. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wapika chapati wa mtaa huo kikope majiko, kikundi cha vijana kikope vifaa vya kuyatengeneza na kupima eksozi, na marejesho yaanze baada ya msimu wa baridi, wakati biashara imechangamka. Gereji itakayolitibu sega badala ya kulikata iandikwe kwenye orodha ya jiji, na vifodi vinavyotaka leseni ya njia hiyo vitengenezwe huko.